Wi-Fi haikuikuta sheria imelala

Kila anayeshika kipaza sauti kwenye vikao vya masafa ya redio lazima aseme: teknolojia inakimbia, sheria inajikokota nyuma. Watu hutikisa vichwa kama waliosikia jipya. Nimechoka. Sheria huchelewa, tena sana, sibishi. Lakini msemaji mwenyewe mkononi ana simu iliyounganishwa na Wi-Fi, na Wi-Fi ni mtoto wa kanuni.

Mwaka 1985 FCC, mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani, aliruhusu vifaa vya redio kutumia bendi kadhaa, yaani vipande vya masafa, bila leseni, ikiwemo ya GHz 2.4. Bendi hiyo ilikuwa jalala la masafa: oveni za maikrowevu na mitambo ya viwandani ilikuwa ikivuma humo. Ruhusa ikaja na masharti. Nguvu isizidi wati 1, na kifaa kitawanye mawimbi yake, ama kwa kurukaruka kutoka masafa hadi masafa, ama kwa kuichanganya data na msimbo wa kasi ili ienee kwenye upana mkubwa. Hadi hapo mbinu hizo zilikuwa zaidi za wanajeshi.

Sasa fungua kiwango cha kwanza cha 802.11, kanuni za kiufundi zinazoiongoza Wi-Fi, cha mwaka 1997. Upande wa redio utakuta njia mbili: kurukaruka, na kutawanya kwa msimbo. (Kuna na infraredi, haikufika popote, tuiache.) Unadhani wahandisi waliota ndoto moja? Walisoma kanuni! Baadaye walipotaka kutumia OFDM, mbinu ya kugawa data kwenye mawimbi mengi madogo kwa pamoja, katika bendi hiyohiyo, iliwabidi wasubiri FCC alegeze sharti la kutawanya mwaka 2002, ndipo toleo la 802.11g likapitishwa 2003. Hapo nani alikuwa nyuma ya nani?

Na hata pale panapoitwa "hapana sheria", ipo. Mikataba, hataza na kanuni za zamani hazijaenda likizo. Mdhibiti akinyamaza, ameshaamua, na wanaonufaika na ukimya wake wanalijua hilo vizuri kuliko sisi tunaolalamika.

Jamii nayo? NCR, kampuni ya mashine za malipo na mmoja wa waanzilishi wa Wi-Fi, alitaka kuunganisha mashine za malipo madukani bila waya. Watu wakaichukua teknolojia wakaipeleka sebuleni. Ikishaingia nyumba nyingi kiasi hicho, mdhibiti gani atathubutu kuichukua tena bendi hiyo? Mwanazuoni David Collingridge aliliona tatizo hili mwaka 1980: teknolojia ikiwa changa ni rahisi kuielekeza ila hujui itakachofanya, ukishajua, haielekezeki tena kirahisi.

Nina mashaka yangu pia. Siwezi kuthibitisha kwamba bila uamuzi wa 1985 tungebaki na waya. Pengine njia nyingine ingepatikana. Na ile kauli ya wanataaluma kwamba teknolojia, serikali na jamii "huundana" hainisaidii kitu. Kama kila kitu huunda kila kitu, hujaeleza lolote. Niambie kanuni ipi, ya mwaka gani, na nani angepoteza.

Tazama bendi ya GHz 6, inayotumiwa na Wi-Fi mpya. Mwaka 2020 Marekani ilifungua MHz 1,200 bila leseni. Mwaka uliofuata Ulaya ikatoa MHz 480 tu, na sehemu ya juu ya bendi imekuwa ikigombewa na kampuni za simu. Ruta ni ileile, chipu ni ileile. Ukiiwasha Ulaya, chaneli pana inazokuwa nazo Marekani nyingi hazipo.