Bangi kama dawa nchini Uganda: nani anaruhusiwa, na maumivu makali yatibiwe vipi?

Je, mgonjwa wa Uganda anaweza kuandikishwa apewe bangi ya tiba?

Hapana. Hakuna kadi, hakuna daftari la wagonjwa, wala kliniki yenye ruhusa ya kukuandikia majani. Mahakama ya Katiba ilipobatilisha sheria ya dawa za kulevya ya 2015, mnamo Mei 2023, wengi walidhani njaga (bangi) imehalalishwa. Sivyo. Kosa lililoonekana ni la akidi bungeni, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa ili kupitisha sheria, na mwaka huohuo bunge likapitisha sheria upya. Sheria inaacha nafasi ya kibali cha kulima bangi kwa ajili ya tiba, lakini kibali hicho ni cha mkulima au kampuni. Mgonjwa akikutwa na msokoto, barua ya daktari haimwokoi.

Mbona walioko ng'ambo wana kadi?

Marekani kila jimbo lina utaratibu wake. California ilitangulia mwaka 1996. Daktari anathibitisha kwamba ugonjwa wako umo katika orodha ya jimbo, ndipo unaomba kadi. Uingereza, tangu Novemba 2018, anayeanzisha matibabu ni daktari bingwa, na kwa kawaida ni baada ya dawa nyingine kushindwa. Karatasi hizo hazina nguvu hapa. Ndugu akikuahidi kukuletea chupa ya mafuta ya bangi kupitia uwanja wa ndege wa Entebbe, mkataze, atakamatwa yeye.

Kwani bangi inatibu nini hasa?

Machache kuliko yanayosemwa mtaani. Dawa zilizotokana nayo au zinazoiga viambata vyake zimethibitishwa kwa kichefuchefu cha tiba ya saratani, kukosa hamu ya kula kwa wagonjwa wa UKIMWI, kukakamaa kwa misuli katika ugonjwa wa neva uitwao sklerosisi, na aina chache za kifafa kigumu cha utotoni. Uvimbe wa saratani hauyeyuki kwa mafuta ya bangi, na anayeacha mionzi kwa ajili yake anapoteza miezi ambayo hairudi. Hata kwa maumivu ya saratani, majaribio makubwa ya dawa ya kupuliza kinywani yenye THC (kiambata cha bangi kinacholevya) na CBD (kiambata chake kisicholevya) hayakutimiza lengo lake kuu.

Mtoto wangu ana kifafa. Nimpe mafuta ninayouziwa?

Usimpe. Tazama jinsi dawa halisi ya CBD inavyopimwa: kila mililita ina miligramu 100, na mtoto huanza na miligramu 2.5 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anapata miligramu 30, yaani mililita 0.3. Chupa ya mtaani haina kipimo. Pengine ni mafuta ya kupikia tu, pengine ina THC ya kumlevya. Akiwa anatumia valproeti, dawa ya kifafa, CBD inaweza kuumiza ini, ndiyo maana hupimwa damu kwanza. Degedege likimrudia, kwanza hesabu dozi alizokosa na umpime uzito: watoto wengi hukua mwili, dozi ikabaki ileile.

Mama ana saratani ya kizazi na halali usiku. Kama si bangi, nini?

Mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Hili ndilo tunalotaka kila mwenye mgonjwa alijue, kwa sababu Uganda imelifanya vizuri kuliko nchi nyingi. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993, na tangu 2004 wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia maumivu na mateso wenye magonjwa mazito, wanaruhusiwa kuandika mofini. Katika huduma za umma hutolewa bure. Anayestahili ni mwenye maumivu makali ambayo paracetamoli na ibuprofeni hazikuyatuliza: saratani, UKIMWI, siko seli (selimundu), majeraha ya moto.

Nenda hospitali ya wilaya au ya rufaa, uulize kwa jina: "Nani hapa anahudumia tiba shufaa?" Beba majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, barua ya kutoka wodini na dawa zote anazotumia, hata za mitishamba. Ataulizwa maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10. Ajibu ukweli, kina mama wetu hujikaza wakasema "kidogo tu," wakarudi nyumbani na dozi isiyotosha.

Inapimwaje nyumbani?

Mtu mzima mara nyingi huanza na miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa nne. Katika chupa ya nguvu ndogo, mililita 5 zina miligramu 5. Vuta kwa bomba la sindano lisilo na ncha, liinue usawa wa macho, usome mstari, umpe taratibu pembeni mwa shavu. Saa za kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Hii ya mwisho muuguzi huweza kuiongeza maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane.

Rangi hutofautisha nguvu. Ukipewa chupa ya rangi nyingine, usipime kwa mstari wa zamani kabla hujaelezwa. Nguvu inaweza kuzidi mara kumi.

Mambo gani huharibika?

La kwanza ni kusubiri maumivu yarudi ndipo dawa itolewe. Maumivu yakishapanda, dozi ileile haiyafikii. La pili ni choo. Kichefuchefu na usingizi hupungua baada ya siku chache, lakini kufunga choo hakuishi, kwa hiyo bisakodili, dawa ya kufungua choo, huanza siku moja na mofini, isipokuwa mgonjwa anaharisha. Tuliona wengi wakiacha mofini kwa ajili ya tumbo, si kwa ajili ya dawa yenyewe.

Figo zikiwa dhaifu, dawa hujikusanya: mgonjwa anashtukashtuka misuli na kusinzia kupita kiasi. Pigia muuguzi kabla ya dozi inayofuata. Akipumua chini ya mara 10 kwa dakika na haamki ukimtikisa, mkimbize hospitali mara moja.

Hatazoea kama mlevi?

Mwili huzoea, ndiyo maana hupunguzwa hatua kwa hatua badala ya kukatwa ghafla. Kuomba dawa kwa sababu unaumwa si ulevi. Fungia chupa kabatini, na ikibaki, irudishe ulikopewa.