Kabla ya Kununua Pistoni Kubwa

Haipiti wiki bila mwendeshaji wa boda kuegesha nje ya kibanda changu hapa Kariobangi Light, kuzima injini na kuniambia, "Fundi, hii imechoka. Niwekee pistoni kubwa." Mara nyingi amekuja na pesa alizodunduliza kwa miezi. Kabla hatujazungumza bei, huwa naichomoa plagi niitazame.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni hafifu kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 16, na injini ya kawaida ya boda hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho, maana petroli haiungui bila hewa. Injini iliyoandikwa nguvu za farasi 12 hapa inakupa kama 10. Ukipanda hadi Limuru inapungua tena. Hiyo ni hasara ya mahali, wala si ugonjwa wa pikipiki.

Ipo hasara ya pili, na hii inatibika kwa pesa kidogo. Hewa inapokuwa hafifu, kabureta haipunguzi petroli kwa kiasi kile kile, kwa hiyo jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, iliyofaa pwani huku inamwaga mafuta kupita kiasi. Plagi hutoka nyeusi, imejaa masizi makavu, na ukivuta mafuta ghafla pikipiki inakohoa. Chujio la hewa lililoziba vumbi huleta dalili hizo hizo, kwa hiyo anza nalo: lisafishe au ubadilishe. Plagi ikiendelea kuwa nyeusi, weka jeti kuu iliyo ndogo kwa hatua moja, endesha kilomita kadhaa ukiwa umevuta mafuta vizuri, kisha uitazame tena. Tunatafuta kahawia hafifu. Ikitoka nyeupe, rudisha jeti siku hiyo hiyo, kwa sababu injini inayonyimwa petroli hupata joto hadi pistoni ikakwama.

Tapeti, yaani nafasi za valvu, nazo zipimwe injini ikiwa baridi kabisa, kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) na vipimo vya kitabu cha mtengenezaji. Valvu isiyofunga vizuri inavujisha mgandamizo, na hapo hata pistoni mpya haitakusaidia. Angalia pia klachi: injini ikinguruma zaidi mlimani na mwendo usiongezeke, nguvu inapotelea kwenye klachi.

Sasa sproketi, ile gia ya meno inayoshika mnyororo, ambayo nadhani ndiyo shilingi inayofanya kazi zaidi kwenye pikipiki ya biashara. Mwaka jana alikuja kijana anayesambaza mitungi ya gesi Uthiru na Kinoo, amekwisha kuamua kufumua injini. Pikipiki yake ilikuwa na meno 14 mbele na 42 nyuma. Nikamwomba tujaribu 13 mbele kwanza. Jino moja tu, lakini nguvu ya kusukuma kwenye gurudumu la nyuma inapanda karibu asilimia 8 katika kila gia. Unalipa kwa kasi ya juu: ukiwa Thika Road injini itazunguka zaidi kwa mwendo ule ule, na itakunywa zaidi. Lakini yeye kazi yake ni milima mifupi akiwa na mzigo, na ndani ya mji kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Alirudi baada ya siku nne kuniambia sasa anapanda Kinoo kwa gia ya tatu. Pistoni hakuiulizia tena.

Kuhusu pistoni yenyewe, tupige hesabu. Silinda ya kipenyo cha milimita 56 ukiichonga ikaingia pistoni ya 62, ujazo unaongezeka kama asilimia 23. Zidisha na hewa yetu hafifu: unapata kama asilimia 3 juu ya nguvu ambayo injini ile ile, bila kuguswa, ingekupa Mombasa. Yaani gharama yote hiyo imekurudisha pwani. Nayo inaleta joto zaidi kwenye injini inayopozwa na upepo tu, huku klachi na breki zikibaki zile zile.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Miaka ya mwanzo nilimfungia mteja pistoni kubwa, silinda ikachongwa hadi ukuta wake ukabaki mwembamba. Wiki mbili baadaye ilikwama akiwa mlimani na mzigo. Pikipiki ilikuwa ya mkopo, na malipo ya kila siku hayakusimama kusubiri injini. Nilimtengenezea bila kumdai, lakini siku alizopoteza sikuweza kumrudishia.

Kutoboa sailensa kunaleta kelele na kesi, basi. Petroli ya bei ya juu nayo haiongezi nguvu kwenye injini ya mgandamizo mdogo, hasa huku juu ambako hewa hafifu tayari inapunguza hatari ya injini kugonga, yaani petroli kujilipukia yenyewe ndani ya silinda.

Ukifanya haya yote na bado unataka pistoni, njoo, lakini tuchague inayoacha ukuta mnene wa silinda. Uje na pesa ya gasketi na sahani za klachi pia, na ukubali kuendesha taratibu bila mzigo kilomita 500 za kwanza. Siku hizo ziweke kwenye hesabu yako ya mapato kabla hatujafungua boliti hata moja.