Huduma kwa jamii si kufyeka nyuma ya bweni

Kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ya bweni upande wa Bunju, Dar es Salaam, baba mmoja alisimama kulalamika kwamba mwanawe amepewa "huduma kwa jamii" wiki mbili kwa kutoroka prepo, kile kipindi cha kujisomea usiku. Mwalimu wa nidhamu akamjibu kwa neno lilelile. Dirishani tulimwona kijana mwenyewe na fyekeo, shati limegandana na mgongo kwa jasho.

Ile ni adhabu. Huduma kwa jamii, kwa shule ya bweni, ni kazi ambayo wanafunzi wanawafanyia watu wa nje ya geti bila malipo, kwa kuelewana nao, na ni sehemu ya masomo yao.

Mkanganyiko una chanzo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inairuhusu mahakama kumpa aliyetiwa hatiani kazi ya bure uraiani badala ya kumpeleka gerezani, kama kifungo chake hakizidi miaka mitatu. Mahakamani, basi, hilo ni jina halali la adhabu. Likihamia shuleni na maana hiyohiyo, mtoto anakua akijua kwamba anayemhudumia jirani lazima amekosa mahali. Hilo ndilo linaloniuma.

Tuangalie neno lenyewe. Huduma limetoka Kiarabu, kwenye mzizi uliotupa mhudumu na hadimu, yaani mtumishi, kwa hiyo unyenyekevu umo tangu asili. Ila jamii lina ndugu zake: jamaa, ujamaa, jumuiya, na Ijumaa, siku ya kukusanyika. Jamii ni waliokusanyika, na wewe umo. Bibi wa nyuma ya ukuta wa shule ni mwenzako katika mkusanyiko huo.

Halafu kuna "za" na "kwa". Huduma za jamii ni maji, zahanati, shule. Ukisema "kwa", mtoaji ni wewe. Wala tusichanganye na Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, sera iliyotaka masomo yaende pamoja na kazi kama kilimo. Shamba la shule ni kazi ya heshima kubwa, lakini mahindi yale yanaliwa bwenini.

Shule hiyohiyo ina wasichana wa kidato cha tatu ambao kila Alhamisi huvuka barabara kwenda shule ya msingi kusoma na watoto wa darasa la pili. Mmoja aliniambia mtoto anayesoma naye amekwama wiki ya tatu kwenye "ng'ombe", anasoma "n-gombe". "Nikikosa Alhamisi moja tu, tunaanza upya," akasema, na daftari la mtoto lilikuwa mkononi mwake.

Kwa hiyo, baba, na wewe mwalimu, naomba tuseme kijana amepewa adhabu ya kufyeka. Lile jina lingine tuwaachie wasichana wa Alhamisi.