Kumiliki bunduki na posesheni ni vitu viwili

Wiki iliyopita nimemsikia tena kijana wetu mmoja hapa New Jersey anamweleza mwenzie, tena kwa uhakika kabisa, kwamba ukikutwa kwenye gari lenye bunduki we sema tu "si yangu" na kesi imeisha, manake shtaka ni kumiliki na wewe humiliki. Nimeshalisikia hili msibani, nimelisikia harusini, nimelisikia hata kwa mtu anayewatafsiria wenzetu kwa mawakili, na kila mara roho inaniuma kwa sababu ni neno moja tu limekosewa na neno hilo linaweza kumweka mtu ndani miaka.

Maana yenyewe ni fupi. Shtaka la huku linaitwa posesheni, na posesheni ni kuwa na kitu: ama unacho mwilini au mkononi, ama hakipo mwilini lakini unajua kipo, una uwezo wa kukifikia na una nia ya kukitawala, basi sheria inakuhesabu unacho hata kama hujakigusa. Nani alikinunua na jina la nani lipo kwenye karatasi, hayo hayamo kabisa kwenye shtaka.

Sasa sisi tumeitafsiri "kumiliki" na hapo ndo tulipoharibu. Kumiliki ni milki, na milki ni Kiarabu, mzizi ule ule uliotupa mamlaka na maliki, yani ni neno la enzi, la mwenye mali. Ukisema unamiliki shamba Tanga, hata ukae Muscat miaka 30 bila kulitia mguu, shamba ni lako. Posesheni imetoka Kilatini, na wanaochambua maneno wanaona humo ndani kuna uwezo na kuna kukaa, yani mtu aliyekikalia kitu akawa na nguvu juu yake. Wanasheria wa Roma ya kale walishavitenganisha hivi viwili zamani sana. Fikiria nyumba ya kupanga: mwenye nyumba ana milki, lakini funguo anazo mpangaji na kitandani analala mpangaji, posesheni ni ya mpangaji. Shtaka la bunduki linamuuliza mpangaji, halimuulizi mwenye nyumba.

Mahakama za nyumbani zinasema "kupatikana na", kupatikana na bangi, kupatikana na silaha, na hilo liko karibu zaidi, ila nalo lina kasoro manake mtu anadhani lazima ukutwe umeishika. Hata sheria za kwetu hazisemi hivyo, kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania zote zinahesabu pia kitu ulichokiweka kwa mtu mwingine ukijua, au mahali popote pale, pawe pako au pasiwe pako, kwa matumizi yako au ya mwingine.

Na kosa hili linakata pande zote mbili, hiki ndo watu hawakioni. Kuna anayesema si yangu akidhani amepona, halafu kuna anayesema ndiyo ni yangu, nimeinunua kihalali Pennsylvania, karatasi hizi hapa, na yeye anadhani amepona, kumbe amekubali shtaka zima kwa mdomo wake! New Jersey kubeba bastola bila kibali cha kubeba cha jimbo lenyewe ni kosa la daraja la pili, miaka 5 hadi 10, na sheria ya Graves ya 1981 inalazimisha utumikie nusu ya kifungo au miezi 42, chochote kilicho kirefu, kabla hata ya kufikiriwa paroli, yani kutolewa mapema kwa masharti. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia mwenye kibali halali cha Pennsylvania alisimamishwa barabarani upande wa New Jersey, akamwambia polisi mwenyewe kwamba ana bastola, akashtakiwa, ikabidi mpaka gavana amsamehe 2015. Bastola ilikuwa yake, hakuna aliyebisha, na kuwa yake hakukumsaidia.

Upande wa pili angalia New York. Gari lilisimamishwa kwa mwendo kasi 1973, ndani wanaume watatu na binti wa miaka 16, bunduki mbili zikaonekana kwenye mkoba wa binti. Mkoba wa binti! Wote wanne wakatiwa hatiani, kwa sababu sheria ya jimbo inaruhusu juri, yani wale raia wanaoamua kesi, kudhani kwamba bunduki iliyo ndani ya gari wanayo wote waliomo, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikubali dhana hiyo kwa kesi yao 1979, majaji 5 kwa 4. New Jersey ina dhana ya namna hiyo pia, na ina vighairi vyake: silaha ikiwa mwilini mwa mmoja wenu, au imefichwa kwenye buti au droo ya dashibodi, au gari ni teksi, hesabu inabadilika. Lakini shika neno "dhana". Juri linaruhusiwa kudhani, halilazimishwi, na mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa mwendesha mashtaka.

Kwa hiyo utetezi unaishi kwenye kujua na kutawala. Sikujua ipo, nilipewa lifti, nilikaa nyuma, ilikuwa chini ya siti ya dereva, hapo wakili ana pa kushika. Kuna njia nyingine, kupinga upekuzi kwamba polisi walipekua bila haki, au kumwomba mwendesha mashtaka apeleke ombi la kulegeza ile adhabu ya Graves, hizo wakili atakueleza vizuri kuliko mimi. Ila hayo yote ayaseme wakili, wewe pale barabarani sema unataka wakili na unyamaze, manake hata "si yangu, ni ya Juma" inaonyesha ulijua ipo.

Nawaomba zaidi ndugu zangu mnaotafsiri, najua mnafanya kwa moyo na wengi hamlipwi. Wakili akiuliza kuhusu posesheni msimuulize mtu "ulikuwa unaimiliki?" Muulizeni "ulikuwa nayo?", halafu "ulijua ipo?", halafu "ungetaka ungeweza kuichukua?" Ni maswali matatu, na kila moja linaweza kuwa na jibu lake.