Wayaudheya: dola ambayo sarafu zake hazikubeba jina la mfalme

Miongoni mwa sarafu za shaba zilizotumika kaskazini mwa India katika karne ya 3 na ya 4 baada ya Kristo, ipo aina moja ambayo mtu akishaizoea hawezi kuichanganya na nyingine. Upande wa mbele amesimama Karttikeya, mungu wa vita, ameshika mkuki na pembeni yake yupo tausi; upande wa nyuma amesimama mungu wa kike, mkono mmoja ameunyoosha na mwingine ameuweka kiunoni. Uzito wake hukaribia gramu 11. Maandishi yake, yaliyo katika hati ya Brahmi, yanasomeka "Yaudheya ganasya jaya", yaani ushindi ni wa gana ya Wayaudheya, na gana hapa ni kundi la watu wanaoshika mamlaka kwa pamoja. Jina la mfalme halimo.

Nimekuwa nikizisoma sarafu hizi kwa muda mrefu, na swali ninaloulizwa kila ninapozizungumzia ni kama kweli India ya kale ilikuwa na jamhuri. Jibu langu kwa Wayaudheya ni kwamba walikuwa nayo kwa maana finyu: mamlaka hayakuwa mali ya nasaba moja, na dola ilijitangaza kwa jina la jumuiya. Kuhusu nani hasa alihesabiwa kuwa sehemu ya jumuiya hiyo, ushahidi unatupeleka mahali ambapo wapenzi wengi wa habari hizi hawapendi kwenda, na nitafika huko baadaye kidogo.

Nchi yao ilikuwa kati ya mito Sutlej na Yamuna, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Haryana, kusini mashariki mwa Punjab na sehemu za kaskazini mwa Rajasthan. Sarafu zao zimeokotwa Rohtak, Sonipat, Saharanpur, Ludhiana na kwingineko. Panini, mwanasarufi mkuu wa Kisanskriti ambaye kwa kawaida huwekwa katika karne ya 5 au ya 4 KK, anawataja katika kanuni zake miongoni mwa jumuiya zinazoishi kwa silaha, na jina lao lenyewe linatokana na neno la mpiganaji. Kuishi kwa silaha hakukumaanisha kwamba hawakulima. Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa India, inausifu mji wa Rohitaka, ambao ndio Rohtak ya leo, kuwa na ng'ombe, mali na nafaka tele na kuwa mahali alipopapenda Karttikeya, halafu inasimulia vita vikali ambavyo Nakula, mmoja wa mashujaa wake, alipigana hapo. Mungu huyohuyo na utajiri huohuo wa nafaka tunaukuta kwenye sarafu, jambo ambalo hutokea mara chache sana utenzi na sarafu vinapokutanishwa.

Ushahidi mwingine wa zamani unatoka kwa Wagiriki. Mwaka 326 KK jeshi la Alexander lilifika mto Hyphasis, ambao leo huitwa Beas, likakataa kuendelea. Arrian, aliyeandika habari hizo karne kadhaa baadaye, anasema kwamba nchi iliyokuwa ng'ambo ya mto ilisifiwa kwa rutuba, watu wake walikuwa wakulima hodari na wapiganaji mashujaa, na walitawaliwa na watu wa tabaka la juu waliotumia madaraka yao kwa kiasi. K. P. Jayaswal, mwanahistoria wa Kihindi wa mwanzoni mwa karne ya 20, aliamini kwamba hao walikuwa Wayaudheya. Arrian hakutaja jina lolote, kwa hiyo mimi huuchukua ushuhuda wake kama maelezo ya aina ya utawala uliokuwa umeenea katika eneo hilo na sikubali kuufanya kuwa picha ya Wayaudheya peke yao. Hata hivyo maneno yake ni ya thamani kubwa, kwa sababu mtu wa nje, asiye na sababu ya kuwapamba, anaeleza utawala wa wachache walio bora na hasemi kwamba kila mtu alitawala.

Kilichofungua ukurasa mpya wa utafiti kilikuwa takataka za mafundi. Mwaka 1936 Birbal Sahni, ambaye kwa taaluma alikuwa mtaalamu wa mabaki ya mimea ya kale, aligundua katika kilima cha magofu cha Khokrakot, pale Rohtak, wingi wa vipande vya kalibu za udongo zilizotumika kusubu sarafu, na mwaka 1945 akachapisha uchunguzi kamili wa ufundi huo. Jicho lililozoea kusoma alama za majani ndani ya mawe liligeukia alama za sarafu ndani ya udongo, na kwa maoni yangu kazi yake bado haijapitwa. Alionyesha kwamba mafundi walitengeneza visahani vya udongo, wakagandamiza humo sura ya sarafu katika mashimo kadhaa, kisha wakavipanga kimoja juu ya kingine na kuacha tundu la katikati lililounganishwa na kila shimo kwa mfereji mdogo. Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa kutoka juu ikashuka na kujaza mashimo yote kwa mpigo mmoja. Ilipopoa, udongo ulivunjwa na sarafu zikakatwa kutoka kwenye shina la shaba. Kila kalibu ilitumika mara moja tu, ndiyo sababu vipande vyake vilirundikana.

Sarafu zilizosubiwa katika kalibu hizo ni za kipindi cha awali, karibu na karne ya 1 KK. Zina fahali aliyesimama mbele ya nguzo ya kafara upande mmoja na tembo upande mwingine, na maandishi yake yanasema kwamba ni za Wayaudheya wa Bahudhanyaka, yaani nchi yenye nafaka nyingi. Tunachokiona pale Khokrakot ni karakana iliyotoa fedha kwa wingi, kwa mfumo uliopangwa, bila mfalme wa kuipa idhini yake. Mtu anayedhani kwamba jumuiya za namna hii zilikuwa makabila yaliyokaa chini ya mti na kuamua mambo kwa kupayuka anapaswa kuziangalia kalibu hizi.

Kati ya sarafu za fahali na zile nilizoanza nazo lipo kundi ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Humo Karttikeya ana vichwa sita, na maandishi yanamtaja kuwa Bwana na Mtukufu, kwa jina lake la Brahmanya. Mahali ambapo dola nyingine za wakati ule ziliandika jina la mtawala, Wayaudheya waliandika jina la mungu wao, kana kwamba yeye ndiye mwenye enzi na wao ni watumishi wake tu. Wapo wanaosema kwamba hiyo ilikuwa ibada na si siasa. Mimi siamini kwamba mtu wa wakati ule angeona tofauti hiyo. Dola isiyo na mfalme ilihitaji jina la kuweka kwenye fedha yake, na jina la mungu wa vita lilikuwa na faida kubwa kwa koo zilizoshindana kwa heshima, kwa kuwa hakuna ukoo ambao ungeweza kudai kwamba mwingine umejikweza juu yake.

Uhuru wao haukuwa wa moja kwa moja. Wakushan, watawala waliotoka Asia ya Kati, walipotandaza himaya yao kaskazini mwa India, Wayaudheya walibanwa, na upande wa kusini magharibi walikutana na Rudradaman, mtawala wa nasaba ya Kishaka iliyoshika magharibi mwa India. Maandishi yake ya Junagadh, katika jimbo la Gujarat, yaliyochongwa mwaka 150 BK au karibu na hapo kwenye mwamba uleule wenye amri za mfalme Ashoka, yanahusu hasa ukarabati wa bwawa la Sudarshana. Katikati ya sifa za mtawala panasemwa kwamba aliwaangamiza kwa nguvu Wayaudheya waliokataa kutii, waliojaa kiburi kwa sababu walijulikana kuwa mashujaa miongoni mwa Kshatriya (tabaka la wapiganaji) wote. Bila shaka Rudradaman aliwasifu ili ushindi wake uonekane mkubwa. Lakini hakuna mtawala anayejigamba kwa kumshinda mtu asiyejulikana, na kutajwa kwao katika orodha hiyo kunaonyesha jinsi walivyoogopwa.

Hawakuangamia. Nguvu ya Wakushan ilipopungua katika karne ya 3, Wayaudheya walirudi na sarafu ile ya mkuki na tausi, na hapo ndipo jambo la kuvutia linapojitokeza: uzito wake, ukubwa wake na mpangilio wa picha zake vinafuata shaba ya Wakushan. A. S. Altekar, mwanahistoria wa Kihindi, alijenga juu ya jambo hili hoja kwamba Wayaudheya ndio walioongoza vita vya kuwafukuza Wakushan mashariki mwa Sutlej. Wengine waliipinga, na mimi niko upande wao kwa sehemu. Sarafu zinathibitisha kwamba fedha ya Wayaudheya ilichukua nafasi ya fedha ya Wakushan sokoni, na kwamba waliitengeneza ifanane na ile ambayo watu walikuwa wamezoea kuipokea. Vita vya ukombozi ni jambo ambalo shaba peke yake haiwezi kulisema. Baadhi ya sarafu hizo zina silabi za "dvi" na "tri", yaani ya pili na ya tatu. Altekar aliziona kuwa dalili ya shirikisho la jumuiya tatu. Maelezo ya kwamba ni alama za matoleo au za karakana yananitosha zaidi, kwa sababu hayahitaji kubuni jumuiya ambazo hazitajwi mahali pengine.

Sasa nije kwenye swali la nani aliyetawala. Muhuri wa udongo uliopatikana Sunet, karibu na Ludhiana, unawataja Wayaudheya kuwa wenye mantra ya ushindi, na kwa kuwa neno hilo linabeba maana ya ombi takatifu na pia ya shauri la siri la baraza, wapo waliouona kuwa muhuri wa baraza lao la utawala. Ushahidi ulio imara zaidi ni maandishi yaliyovunjika ya Bijaygadh, karibu na Bayana katika Rajasthan. Yanamtaja mtu mwenye cheo cha maharaja na mahasenapati, yaani mfalme mkuu na amiri jeshi mkuu, ambaye aliwekwa mbele na gana ya Wayaudheya. Jina lake limepotea pamoja na sehemu ya jiwe. Kwa hiyo palikuwa na kiongozi, tena mwenye cheo kinachofanana na vya wafalme wa jirani, lakini cheo hicho alikipokea kutoka kwa jumuiya. Aliyekuwa nje ya koo za wapiganaji, awe mkulima wa kukodiwa, fundi au mtumwa, hatumsikii popote. Silaha ndizo zilizotoa haki ya kusema.

Walioishi wakati ule walijua udhaifu wa utawala wa namna hii. Katika Mahabharata, mzee Bhishma anamweleza mfalme Yudhishthira kwamba kinachoziangusha gana ni mfarakano wa ndani kuliko adui wa nje. Arthashastra, kitabu cha ushauri kwa mfalme, inalitazama jambo hilohilo kwa jicho la mwindaji: inasema kwamba kuipata jumuiya upande wako ni faida kubwa kuliko kupata jeshi au mshirika, kisha inafundisha jinsi majasusi wanavyoweza kupandikiza wivu kati ya viongozi wake. Karibu na mwaka 350 BK, Samudragupta wa nasaba ya Gupta hakuhitaji hata kuwaangamiza Wayaudheya. Nguzo ya Allahabad, yenye sifa zake zilizotungwa na Harishena, inawaorodhesha pamoja na Wamalava, Waarjunayana, Wamadraka na wengine kuwa walilipa kodi, wakatii amri na kuja kumsujudia. Baada ya hapo sarafu zao zinakoma.

Jina halikufa lote. Alexander Cunningham, mwanzilishi wa idara ya mambo ya kale ya India, aliwahusisha Wayaudheya na Wajohiya, jamii ya Kirajput iliyoishi kando ya Sutlej, ambayo eneo lake liliitwa Johiyabar, na uhusiano wa majina pamoja na mahali unaufanya ulinganisho huo ukubalike na wengi. Huko Haryana makumbusho ya Gurukul Jhajjar yamehifadhi sarafu na kalibu zao, na katika miaka ya 1940 Rahul Sankrityayan aliandika riwaya ya Kihindi, Jay Yaudheya, iliyochukua jina lake kutoka kwenye maneno ya sarafu. Wakati India ilipopigania uhuru, gana za kale zilikuwa silaha dhidi ya dai la watawala wa Kiingereza kwamba Mashariki haijajua lolote ila udikteta, na kazi ya Jayaswal ilisomwa kwa hamu hiyo.

Tarehe 25 Novemba 1949, akihitimisha mjadala wa katiba, B. R. Ambedkar, mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba hiyo, aliliambia bunge la katiba kwamba palikuwa na wakati ambapo India ilijaa jamhuri. Alipotaka kuthibitisha, hakutaja sarafu wala majeshi. Alitaja mabaraza ya watawa wa Kibudha, yaliyokuwa na kanuni za kukaa, za kutoa hoja, za akidi na za kupiga kura, akasema kwamba lazima Buddha alizichukua kutoka mabaraza ya kisiasa ya zama zake. Ulikuwa uchaguzi wa busara wa ushahidi. Kanuni za watawa zimetufikia zikiwa zimeandikwa, hadi vijiti vya mbao vilivyogawiwa kwa ajili ya kuhesabu kura. Kutoka kwa Wayaudheya tunayo mihuri, jiwe lililovunjika na shaba nyingi, na hakuna hata mstari mmoja unaoeleza kura ilipigwaje.