Ajali saiti: maswali ya mafundi na saidia fundi, na majibu yake

Hospitali, majeruhi wa ujenzi unamtambua kabla hajasema neno. Saruji imemkaukia kwenye nywele, suruali imepasuka gotini, na nyuma yake wamesimama wenzake wawili wasiojua waweke wapi mikono yao. Ukiwauliza imekuwaje, jibu ni lilelile: "Bahati mbaya tu, daktari." Nimelisikia mara nyingi mno, na sikubaliani nalo. Maswali yafuatayo huulizwa na mafundi wenyewe, na mengine na wake zao.

Kwani ajali si bahati mbaya? Siku ikifika imefika.

Ukikaa na majeruhi akatulia, ukamwuliza taratibu, habari inabadilika. Mrunda, yaani mti wa jukwaa la kupandia, ulikuwa umeliwa na mchwa tangu wiki iliyopita, na kila mtu aliuona. Waya wa mashine ulikuwa umechunika, ukafungwa mfuko wa plastiki. Msimamizi aliambiwa akasema "malizieni hapo kwanza". Hatari ilikuwepo asubuhi, mbele ya macho ya watu kumi, na haikuwa kazi ya yeyote kuiondoa. Kuzuia ajali kunaanzia hapo: awepo mtu mmoja mwenye kazi ya kuzunguka saiti kila asubuhi, na akisema "hapa hapapandwi", pasipandwe.

Ni ajali gani inayoumiza zaidi?

Kuanguka. Na watu hudhani ni lazima iwe ghorofa ya tano. Hapana. Mtu anayefunga lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha) ya nyumba ya kawaida yuko juu kiasi cha kuvunja uti wa mgongo au fuvu akiangukia tofali.

Jukwaa la mirunda linaweza kuwa salama likijengwa vizuri. Miguu yake isikae juu ya udongo laini wala juu ya tofali lililosimamishwa. Iwekewe ubao mpana chini. Pawe na mirunda ya kukingama mshazari, maana bila hiyo jukwaa zima huweza kulala upande mmoja. Mbao za kukanyagia zipangwe zikaribiane, zifungwe. Ubao mmoja unaochungulia hewani bila kuegemea kitu ndio unaobinuka fundi akikanyaga ncha yake. Upande wa nje pawe na kizuizi cha kufika kiunoni. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi jukwaa likaguliwe upya, kwa sababu ardhi imelainika na kamba zimelegea.

Ngazi ina kanuni yake: kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani, na kichwa chake kipite mita moja juu ya pale unaposhukia. Usipande na karai mikononi. Vuta mzigo kwa kamba ukishafika.

Wanaopaua wana hatari ya pekee. Bati halikubebi, kinachokubeba ni mbao na kenchi (fremu za paa) zilizo chini yake. Huko juu panahitaji mkanda wa usalama uliofungwa mahali imara.

Kuchimba msingi au shimo la choo nako kuna hatari gani? Si kazi ya koleo na sururu tu?

Swali hili naomba lisomwe mara mbili. Mita moja ya ujazo ya udongo huweza kuwa na uzito wa tani moja na nusu. Ukingo ukiporomoka na mtu akafunikwa hadi kifuani tu, kichwa kikiwa nje, bado anaweza kufa, kwa kuwa kifua hakipati nafasi ya kutanuka avute pumzi. Shimo likipita kina cha kifua, kingo zake zichongwe kwa mteremko au zikingwe kwa mbao na nguzo. Udongo unaotolewa umwagwe mbali, mita moja au zaidi kutoka ukingoni. Mkiona ufa juu ya ukingo au maji yakichuruzika ukutani mwa shimo, tokeni.

Shimo la choo la zamani, au chemba iliyofunikwa muda mrefu, lina adui mwingine: gesi. Mwanzoni hunuka kama yai viza, lakini ikiwa nyingi pua haiinusi tena. Mmoja anashuka, anazimia. Wa pili anashuka kumwokoa, naye anabaki. Hivyo ndivyo shimo moja linavyochukua ndugu wawili au watatu. Usishuke kumfuata. Piga simu Zimamoto na Uokoaji, kwa Tanzania ni 114, na kama tayari alikuwa amefungwa kamba, mvuteni mkiwa juu.

Nimekanyaga msumari. Nimemwagia petroli. Inatosha?

Petroli haisaidii, inaunguza nyama. Osha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaulize chanjo ya pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi, na tundu jembamba la msumari ndilo makazi wanayoyapenda. Dalili huweza kuchelewa wiki moja au mbili, kidonda kikiwa kimeshafunga.

Na zege likiingia ndani ya buti?

Vua mara moja. Saruji mbichi inaunguza ngozi polepole, bila maumivu makali mwanzoni, na jioni ndipo unakuta mguu umechubuka vibaya. Maji safi yanayotiririka, kwa dakika 20.

Mwenzangu ameanguka na hawezi kuinuka. Tumpakie bodaboda?

Tafadhali msifanye hivyo. Kumkalisha katikati ya watu wawili kwenye pikipiki kunaweza kuukata uti wa mgongo ambao ulikuwa umevunjika tu. Mwacheni alale alivyo, mmoja amshikie kichwa kisigeuke, msimpe maji wala chakula. Damu ikitoka kwa nguvu, bonyezeni kitambaa safi juu ya jeraha bila kuachia. Mkilazimika kumhamisha, mlazeni juu ya ubao mpana, mmwinue kwa pamoja, apelekwe kwa gari analoweza kulala.

Kama ni umeme, zimeni swichi kuu kabla ya kumgusa.

Mimi ni kibarua wa kutwa. Nikidai kofia ngumu, kesho siitwi.

Najua, na sitakuambia ni jambo jepesi. Lakini sheria iko upande wako. Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa kinga bila kukukata hela. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia, si wewe. Ukiumia, hakikisha taarifa inaandikwa siku ileile: tarehe, saa, mahali, na majina ya walioona. Hospitali waambie wazi kwamba umeumia kazini, hata kama aliyekuleta anakukonyeza useme umeanguka nyumbani. Karatasi ile ya kwanza ndiyo itakayokutetea miezi sita baadaye, mguu utakapokuwa bado haujakaa sawa.