Je, wajua kwa nini mvinyo uliokaa pipani miaka 100 huwa mzito kama asali?

Kwa muda mrefu niliamini mambo mawili: kwamba kila mvinyo huzidi kuwa mzuri kadiri unavyokaa, na kwamba pipa likishazibwa, kilichomo hakipungui. Yote mawili si kweli, na ushahidi umo katika ghala la Seppeltsfield, bonde la Barossa, Australia Kusini.

Tuanze na la kwanza. Mvinyo mwingi hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Ipo mivinyo ya kawaida inayostahimili miongo kadhaa, lakini si mingi. Hewa ikiingia, bakteria hugeuza kileo kuwa asidi, kama tembo la mnazi linavyogeuka siki baada ya siku chache tu. Mvinyo wa kukaa karne huandaliwa mapema: maji ya zabibu yakiwa bado yanachachuka, humiminiwa pombe kali. Chachu hufa kabla ya kumaliza sukari, na kileo huwa kikali kiasi kwamba hata bakteria wa siki hawafui dafu. Kwa hiyo umri peke yake hautoshi. Chupa ya kawaida iliyosahauliwa kabatini haigeuki hazina.

Joseph Seppelt, mhamiaji kutoka Silesia, eneo la Ulaya ya kati, alinunua shamba ambalo baadaye likawa Seppeltsfield mwaka 1851 akitaka kulima tumbaku. Tumbaku ikakataa, zabibu zikakubali. Mwaka 1878 mwanawe, Benno, alitenga pipa la lita 500 na kuagiza likae miaka 100. Tangu hapo kila mwaka hutengwa jingine.

Sasa la pili. Chukua mtungi wa udongo uliojaa maji: nje unatoa jasho, na asubuhi unakuta maji yameshuka. Ubao wa mwaloni wa pipa hufanya vivyo hivyo, ila polepole mno. Maji na kileo hupenya na kupotelea hewani. Sukari haiwezi kuruka, inabaki. Ni kama kuchemsha maji ya miwa kupata sukari guru, isipokuwa hapa moto ni kiangazi cha Barossa. Ghala likiwa kavu, maji hutangulia kutoka kuliko kileo; likiwa na unyevu, mambo hugeuka. Na si kukauka tu: hewa inayoingia kupitia ubao huohuo hubadilisha wekundu kuwa kahawia.

Benno alifariki mwaka 1931, na pipa lake likatimiza karne mwaka 1978. Seppeltsfield wenyewe hujitangaza kuwa ndio pekee duniani wanaotoa kila mwaka mvinyo wa msimu mmoja wenye miaka 100. Hayo ni madai yao, ila mapipa yenyewe yapo, na mgeni anaweza kuonja lile la mwaka aliozaliwa. Wa miaka 30 bado unatiririka. Wa miaka 100 ni mweusi, na ukiinamisha glasi huacha utando wa kahawia unaoteremka kwa kujivuta.